Je, Ni Halali Kumnyamazia Mtu kwa Faida Yake?

Nimezaliwa Magara, kwenye ufuko wa Ziwa Tanganyika, kando ya barabara itokayo Bujumbura kwenda Rumonge. Kwetu kuna mambo mawili ambayo mwanamume hayasemi mbele za watu: kwamba akili yake iliwahi kuugua, na kwamba mwili wake hauitikii kitandani. Katika insha hii nitayasema yote mawili. Sifanyi hivyo kwa kupenda. Swali ninalotaka kulijadili limenifika kupitia mambo hayo, na nikiyaficha nitakuwa ninajadili kivuli chake tu.

Swali lenyewe ni hili: je, mtu anayejua jambo la kutisha ana haki ya kulinyamaza ikiwa anaamini kwamba kulisema kutamdhuru anayeambiwa?

Nilipokuwa mwaka wa pili chuoni, baba yangu alifariki. Wiki za kwanza nililia kama watu wengine. Kisha machozi yakakauka, na usingizi, chakula na masomo vikaondoka pamoja nayo. Nilirudi nyumbani, nikawa nalala mchana kutwa nikiwa nimegeukia ukuta. Majirani walisema nimelogwa. Nilifika mahali pa kuona kwamba kuishi ni mzigo ambao sina haja ya kuendelea kuubeba. Mjomba wangu, ambaye ni mvuvi na hakusoma sana, ndiye aliyesema, «Huyu mtoto ni mgonjwa, apelekwe kwa daktari.»

Daktari alinisikiliza kwa muda mrefu kuliko mtu yeyote aliyekuwa amenisikiliza mwaka ule. Aliniambia kwamba nina sonona, akaniandikia dawa iitwayo fluoksetini. Nilipewa vidonge vimehesabiwa katika kifuko kidogo cha plastiki, juu yake pameandikwa kwa kalamu: kimoja asubuhi. Baada ya wiki sita hivi nilianza kuamka bila kusukumwa. Baada ya miezi minne nilirudi chuoni. Nilimeza dawa hiyo mwaka mmoja na nusu, kisha nikaipunguza polepole kwa maelekezo ya daktari mpaka nikaiacha. Sonona haijarudi. Ninaandika haya nikiwa hai, na dawa ile ina sehemu yake katika uhai huu. Ni lazima niliseme hilo kabla ya kulalamika.

Lakini tangu wiki za mwanzo za matibabu sehemu zangu za siri zilikuwa na ganzi, kama fizi iliyochomwa sindano kabla ya jino kung'olewa. Hamu ilizimika. Niliambiwa kwamba hali hiyo ni ya kawaida wakati wa kumeza dawa na kwamba itakwisha nikiacha. Niliacha. Sasa ni zaidi ya miaka miwili, na haijakwisha. Nimepimwa sukari na presha, sina tatizo. Nimeuziwa mizizi ya nguvu za kiume, nimeinywa, nimepata kuhara tu.

Nilirudi kwa yule daktari. Hakukataa wala hakunikasirikia. Alisema, «Nilijua kwamba wapo watu wachache ambao hali hii huwabakia. Ningekwambia siku ile, usingemeza. Na usingemeza, pengine leo mimi na wewe tusingekuwa tunazungumza.»

Nilitoka pale nikiwa na hasira, lakini njiani hasira ilikosa pa kushika, kwa sababu alichosema huenda ni kweli.

Mambo yanayojulikana ni haya. Fluoksetini iliidhinishwa Marekani mwaka 1987, na dawa za ukoo wake zikaenea duniani. Zinazuia ubongo usirudishe haraka kemikali iitwayo serotonini. Kupungukiwa na hamu au kuchelewa kufika kileleni wakati wa kuzimeza ni jambo linalowapata wengi, na kwa walio wengi huondoka wakiacha. Lakini baadhi ya watu, wanaume kwa wanawake, walieleza kwamba kwao halikuondoka. Kwa miaka mingi wengi wao walijibiwa kwamba ni sonona yenyewe, maana sonona nayo huua hamu. Mwaka 2019 Shirika la Dawa la Ulaya liliamua kwamba karatasi za maelezo ya dawa hizi zitaje kuwa matatizo hayo yanaweza kuendelea hata baada ya dawa kuachwa. Chanzo chake hakijathibitishwa, na hakuna tiba iliyothibitishwa.

Basi tangu mwaka 2019 onyo lipo. Lakini lipo kwenye karatasi iliyo ndani ya boksi. Mtu anayepewa vidonge thelathini katika kifuko cha plastiki haoni karatasi yoyote. Karatasi yake ni mdomo wa daktari, na mdomo ukinyamaza, onyo la Ulaya halikufika Magara.

Tumpe daktari haki yake. Hoja yake ina miguu mitatu. Kwanza, madhara haya ni ya wachache, ilhali sonona kali inaweza kuua. Pili, mtu akitishwa na dhara, hofu yenyewe inaweza kumletea dhara hilo: aliyeambiwa kidonge kitamtia kichefuchefu huona kichefuchefu hata akipewa kidonge kisicho na dawa. Tatu, mtu aliyegeukia ukuta hana nguvu ya kupima faida na hasara. Kumtwisha uamuzi ni kama kumpa mgonjwa wa homa jembe.

Hoja hizi si za kudharau. Hata hivyo naona zinasahau jambo moja, na nitalieleza kwa kisa cha ziwani.

Mara ya kwanza mjomba kunichukua usiku kuvua ndagala kwa taa ilikuwa kiangazi. Kabla ya kusukuma mtumbwi aliniambia, «Upepo wa msimu huu unaweza kutugeukia kabla ya alfajiri. Mwaka jana ulipindua watu. Ukiogopa, baki.» Niliogopa, lakini sikubaki. Nilifunga bidoni tupu karibu na miguu yangu ili linieleze nikianguka. Upepo ulipokuja nilitetemeka, lakini sikujiona nimesalitiwa. Kama angenyamaza, mawimbi yangekuwa yale yale, ila pale majini ningekuwa na maadui wawili: upepo na mjomba.

Hilo ndilo daktari alilolisahau. Alidhani kwamba ukweli una kazi moja tu, kunifanya nikubali au nikatae. Ukweli una kazi nyingine, kumwandaa mtu. Ningeambiwa, ningeweza kumeza vile vile, lakini ningejua la kuangalia. Ganzi ilipoanza ningemwambia mapema, na pengine tungejaribu njia nyingine. Na hali ilipobaki, nisingepoteza mwaka mzima nikidhani nimelogwa kweli.

Mfano mmoja kutoka mbali unanisaidia hapa. Nadine Montgomery, mama wa Scotland mwenye kisukari, alijifungua mwaka 1999. Kwa mama mwenye kisukari, uwezekano wa mabega ya mtoto kukwama njiani ni asilimia 9 hadi 10. Daktari wake hakumwambia, kwa sababu aliona hatari ya dhara kubwa ni ndogo sana, na kwamba kina mama wakiambiwa wangeomba upasuaji. Mtoto alikwama, akapata ulemavu. Mwaka 2015 Mahakama ya Juu ya Uingereza ilimpa mama ushindi. Majaji walisema kwamba kipimo si kile ambacho madaktari wamezoea kusema, bali ni kile ambacho mtu aliye mahali pa mgonjwa angeona kina uzito. Waliacha mlango mdogo: daktari anaweza kunyamaza ikiwa kusema kutaidhuru vibaya afya ya mgonjwa. Lakini mlango huo hautumiki kwa kumzuia mgonjwa asichague asichokipenda daktari.

Naafiki. Kama siku ya kwanza nilikuwa dhaifu mno kusikia, sawa. Lakini mwezi wa nne nilikuwa nimerudi chuoni, nikifanya mitihani. Mlango ule ulikuwa umeshafungwa, na daktari aliendelea kukaa ndani yake. Kunyamaza kwa wema kunaweza kuwa halali kwa wiki chache. Kukiendelea baada ya udhaifu kwisha, si wema tena, ni mazoea.

Hapo ndipo ningependa kumaliza insha, nikiwa mshindi. Lakini nilikuwa na mchumba.

Tulijuana baada ya mimi kupona. Nilimweleza kuhusu sonona, naye akaipokea vizuri. Kuhusu lile jingine nilinyamaza. Nilijiambia kwamba huenda litakwisha kabla ya harusi, kwamba nikimwambia ataogopa bure, kwamba namlinda. Wazee wetu walikuwa wameshaanza kukaa kuzungumzia mahari. Usiku mmoja, nikiandika mpango wa insha hii, nilisoma zile hoja tatu za daktari na nikaona kwamba ni maneno yangu mwenyewe.

Nilimwambia jioni moja ufukoni, tukiangalia wavuvi wakipanga taa zao. Alinyamaza, kisha akauliza swali ambalo sikulitegemea. Hakuuliza kama nitapona. Aliuliza, «Umejua tangu lini?»

Nikamwambia: tangu kabla hatujajuana.

«Na wazee wamekaa mara mbili,» akasema.

Sikuwa na jibu. Alisema atazungumza na shangazi yake, na mimi nikasema ni haki yake. Mpaka ninapoandika, mahari haijapelekwa. Hajaniacha, na hajasema kwamba atabaki. Tunaonana, tunazungumza kwa uwazi kuliko zamani, na wakati mwingine tunacheka. Sijui mwisho wake, na nimejifunza kwamba kutojua huko ni sehemu ya haki yake: nimempa nafasi ya kuamua, basi siwezi kumharakisha.

Katika Kirundi, ibanga ni siri, na mtu anayejua kuitunza huheshimiwa. Lakini wingi wake, amabanga, hutumika pia kwa majukumu aliyopewa mtu. Siri ni jukumu. Basi ni lazima tuulize ni ya nani. Siri ya mwili wangu ni yangu mbele ya majirani, na hakuna anayeweza kunilaumu nikiwanyima. Lakini mbele ya mtu anayetaka kuyafunga maisha yake na yangu, nusu yake ni mali yake. Vivyo hivyo daktari: alichokijua kuhusu kidonge kilichoingia kinywani mwangu kilikuwa changu. Waswahili husema mficha uchi hazai. Nilikuwa naisikia methali hii kama onyo kwa mgonjwa tu. Sasa naona inamhusu pia anayemfichia mgonjwa.

Mwezi uliopita binamu yangu, ambaye hajalala vizuri tangu ziwa lilipoingia nyumbani kwao, aliniuliza kama ameze dawa aliyoandikiwa. Nilimwambia hivi: «Iliniokoa. Kuna dhara lililonibakia, nalo ni hili. Wengi haliwabakii. Muulize daktari, na ukianza usiache ghafla bila yeye.» Aliniangalia kwa muda mrefu. Siku iliyofuata alikwenda kwa daktari akiwa na maswali yake yameandikwa kwenye karatasi, na alipotoka alianza kumeza.

Huenda kesho mwingine nitakayemwambia atakataa, na sonona ikamzidi. Hatari hiyo siwezi kuikana, na ndiyo bei ya msimamo wangu. Kwa hiyo simwambii mtu kisha nikaondoka. Nikishasema, nakaa naye, kama mjomba alivyosema habari za upepo kisha akaingia mtumbwini pamoja nami.