JE, MWENYE KUUZA NYUMBA APASWA KUSEMA YOTE?

Kwetu Lubumbashi mtu mwerevu huuza nyumba yake mwezi wa nane. Mvua haijanyesha tangu mwezi wa nne, udongo ni mkavu kama unga, na hata njia mbaya yapitika kwa motokari. Mnunuzi anakuja na mke wake wakivaa viatu safi. Wanazunguka kiwanja, wanagonga ukuta kwa vidole, wanatazama mabati na mwembe ulio uani. Kila kitu kinawapendeza. Mwezi wa kwanza ndipo wanapojua kwa nini ukuta ulikuwa umepakwa chokaa mpya.

Mgeni atauliza: Maji hayo yatoka wapi katika mji usio na milima? Yatoka katika matofali. Vichuguu vya Katanga ni vikubwa sana, vingine vyapita urefu wa nyumba, na udongo wake ni mwema kwa kufanya matofali. Watu wanavunja kichuguu, wanachoma matofali palepale, na kichuguu kikiisha wanaendelea kuchimba chini. Linabaki shimo. Miaka ikipita shimo linajazwa takataka, linafunikwa udongo kidogo, na tazama, limekuwa kiwanja, au kama tunavyosema hapa, lupango. Anayenunua mwezi wa nane haoni kitu. Lakini mvua ikianza, maji yanarudi mahali pao pa zamani.

Basi swali letu ni hili. Mtu ajua kwamba nyumba yake yaingiwa maji. Mnunuzi hakuuliza juu ya maji; aliuliza juu ya shule, juu ya soko, juu ya umeme. Muuzaji alijibu kila swali kwa kweli, wala hakusema uongo hata mmoja. Juu ya maji alinyamaza. Je, amefanya kosa? Wengi wetu tutajibu upesi: «Ndiyo, amefanya kosa.» Lakini nyumba ikiwa ni yetu, na feza tunazihitaji wiki hii, ulimi unakuwa mzito.

Swali hili ni la zamani sana. Mwaka 44 kabla ya Kristu, Cicero, mwenye hekima wa Roma, alimwandikia mwana wake kitabu juu ya mambo yampasayo mtu, na katika sehemu ya tatu aliweka mfano unaofanana na wetu kabisa. Mtu mwema auza nyumba. Watu wote wafikiri ni nyumba ya kuleta afya, kumbe yaleta magonjwa. Nyoka watokea katika vyumba vyote vya kulala. Miti yake ni mibovu, karibu kuanguka. Mwenye nyumba peke yake ndiye ajuaye.

Cicero asema kwamba walimu wawili walishindana juu ya neno hili, Diogenes wa Babeli na mwanafunzi wake Antipater. Diogenes alisema: Muuzaji aonyeshe makosa yale ambayo sheria yamlazimisha kuyaonyesha, asidanganye katika mengine, halafu auze kwa bei nzuri awezayo kupata. Ni nani aliyekulazimisha kununua? Yeye aliuza kitu kisichompendeza, nawe ulinunua kitu kilichokupendeza. Tena, si upuzi mtu amtume mpiga mbiu sokoni akapaze sauti: «Nauza nyumba ya magonjwa»? Antipater alikataa. Alisema: Huko Atene watu wamlaani mtu asiyemwonyesha njia aliyepotea. Huyu muuzaji amefanya vibaya kuliko yule, maana amwacha mwenzake aanguke katika hasara, naye amwona.

Cicero mwenyewe asimama upande wa Antipater, na sababu yake ni nzuri sana. Asema kwamba kunyamaza si kuficha siku zote. Mimi najua mambo mengi ambayo sikuambii, wala sikukosei. Kuficha ni kutaka wewe usijue jambo ninalolijua mimi, ambalo lingekufaa kulijua, na kutaka hivyo kwa ajili ya faida yangu. Kosa li katika kutaka huko. Muuzaji wetu wa mwezi wa nane hakuchagua mwezi ule bure, wala chokaa haikujipaka yenyewe.

Kuna hadisi nyingine katika kitabu kilekile, nami siwezi kuiacha. Canius, mtu wa cheo wa Roma, alikwenda Syracuse katika kisiwa cha Sicilia kupumzika. Akasema mbele ya watu kwamba atafuta bustani ndogo ya kununua, apate kukaa na rafiki zake. Mtu mmoja wa mji ule, Pythius, mwenye kazi ya kukopesha feza, alisikia. Akamwambia: «Bustani yangu siuzi, lakini uitumie kama ni yako, karibu kesho tule pamoja.» Halafu akawaita wavuvi, akawaomba waje kesho kuvua mbele ya bustani yake. Canius akafika, akaona mitumbwi tele, na kila mvuvi akileta samaki wake na kuwatupa miguuni pa Pythius. «Ni mambo gani haya?» Pythius akajibu: «Si ajabu. Samaki wote wa Syracuse wako hapa, maji watu wanateka hapa, wavuvi hawawezi kukosa mahali hapa.» Canius akawaka kwa tamaa. Akabembeleza, akalipa bei aliyotajiwa. Siku ya pili akawaalika rafiki zake, akafika mapema, asione hata kasia moja. Akamwuliza jirani kama ni sikukuu ya wavuvi. Jirani akamjibu kwamba si sikukuu aijuayo yeye, ila hapa hakuna desturi ya kuvua. Ndiyo maana jana alistaajabu.

Mbona Pythius hajafa? Sisi twamfahamu. Ndiye yule anayeomba waya kwa jirani siku ya mnunuzi kuja, taa ziwake. Ndiye anayejaza tangi usiku kwa ndoo, ili asubuhi bomba litoe maji mbele ya mgeni. Ndiye aambiaye kwamba njia itatiwa lami mwaka huu. Hapo hakuna shaka: kutenda jambo ili mtu aamini uongo ni kusema uongo kwa mikono.

Cicero ataja tena Mroma mmoja aliyekuwa na nyumba ndefu mlimani. Wakubwa wa ibada walimwamuru apunguze urefu wake, maana ilizuia macho yao. Yeye akaiuza upesi, asimwambie mnunuzi neno la amri ile. Mambo yakaenda kwa mwamuzi, Marcus Cato, baba wa yule Cato mashuhuri, naye akahukumu kwamba muuzaji alipe hasara, kwa kuwa alijua akanyamaza. Msomaji akumbuke hukumu hiyo akiona nyumba iliyoandikwa na Serikali kwa rangi nyekundu kwamba itabomolewa, na wiki ile ile mwenyewe anatafuta ndoo ya chokaa.

Lakini maneno ya Diogenes juu ya mpiga mbiu yangali yanasumbua. Kama nikitangaza ubaya wa nyumba yangu, nani atakuja hata kuitazama? Mtakatifu Tomasi wa Akwino, katika karne ya 13, alilishika neno hilo mkononi na kulijibu kwa akili ya mtu ajuaye soko. Asema kwamba muuzaji hapaswi kumtuma mpiga mbiu. Watu wakisikia kwanza ubaya wa kitu, wanakimbia kabla ya kujua uzuri wake. Lakini yule mtu mmoja ajaye kununua, lazima aambiwe, peke yake, ili apime mabaya na mema pamoja. Labda nyumba yaingia maji kwa wiki mbili kila mwaka, lakini iko karibu na shule na hospitali, na kwa mfereji mzuri maji yangepita. Mnunuzi akijua hayo, pengine atanunua. Atapunguza bei, ndiyo. Lakini ile feza iliyopunguzwa haikuwa yako tangu mwanzo.

Tena Mtakatifu Tomasi hamwekei muuzaji mzigo usio na mpaka. Ubaya ulio wazi, kama farasi mwenye jicho moja, hana lazima ya kuutaja, mradi bei isipite haki. Hata mwenye kuleta ngano mahali penye njaa, akijua kwamba wengine wako njiani na ngano nyingi, haki haimlazimishi kutangaza; akitangaza ni wema mkubwa zaidi. Lazima ni juu ya ubaya uliofichika, wenye kuleta hatari au hasara. Yeye mwenyewe ataja nyumba inayotaka kuanguka ikiuzwa kama nyumba nzima. Na sheria ya mikataba iliyotolewa kwa Kongo tarehe 30 Julai 1888 ilifuata njia hiyohiyo: muuzaji ajibu juu ya kasoro zilizofichika, asijibu juu ya zile ambazo mnunuzi angeweza kuziona mwenyewe.

Kwa hiyo mnunuzi naye asilale. Mabati yenye kutu aliyaona, asije kulia. Aende kutazama nyumba mara mbili, mara moja wakati wa mvua kama aweza kungoja, na asubuhi saa kumi na mbili, aone wanawake na watoto wanabeba madumu kwenda wapi. Mwezi wa kumi achungulie kisima, kwani wakati huo visima vingi viko chini kabisa. Atembee kwa miguu mpaka shuleni, asikubali kuonyeshwa kwa kidole.

Juu ya karatasi nisirefushe. Sheria ya 20 Julai 1973, wakati nchi yetu ilipoitwa Zaire, iliweka udongo wote kuwa mali ya Serikali, na haki ya mtu juu ya kiwanja ikathibitishwa na cheti cha kuandikishwa. Barua ya shefu, au karatasi iliyotiwa sahihi na mashahidi wawili kwenye meza ya baa, si cheti hicho. Muuzaji ajua vizuri ana karatasi gani mkononi. Na kuna kasoro moja isiyoonekana hata mwezi wa kwanza: nyumba ya marehemu inayouzwa na ndugu yake, huku mjane na yatima wamepelekwa mjini kwa shangazi «kwa likizo». Sheria ya jamaa ya 1 Agosti 1987 iliweka watoto kuwa warizi wa kwanza. Anayenunua nyumba ya namna hiyo kwa bei ya chini, bila kuuliza sababu ya bei ya chini, namfananisha na muuzaji mwenyewe.

Wakomisionere hujitetea kwamba wao si wenye nyumba. Ni kweli. Lakini aliyepeleka wanunuzi kumi katika njia ileile, misimu kumi, ajua kuliko mwenye nyumba.

Sasa turudi kwa yule jirani wa Canius, maana ndiye anayenikosesha usingizi. Alisimama pale siku ya karamu. Aliona mitumbwi, akastaajabu, akanyamaza. Siku ya pili alisema kweli yote kwa neno moja. Cicero hamlaumu, ampita tu. Mimi siwezi kumpita, kwa sababu nilikuwa yeye.

Mwaka fulani, mwezi wa nane, jirani yangu alimwonyesha mtu nyumba yake. Alikuja mwalimu kijana na mke wake mwenye mimba. Nilikuwa uani natengeneza kiti. Walinisalimu kwa adabu, nikaitika, nikawauliza habari za safari. Nilijua maji yafika wapi, kwani niliyaona miaka sita. Nikajiambia: Si nyumba yangu, sikuulizwa, na jirani ni jirani, nitamharibiaje? Wakanunua. Mwezi wa kwanza, usiku, tulisikia kelele. Nilikwenda na taa, nikambeba mtoto wao mkubwa mgongoni, maji yakinifika mapajani. Tulipofika kwangu, mama wa watoto alinitazama, akaniuliza: «Baba, siku tulipokuja kutazama nyumba, si ni wewe uliyetusalimu hapa uani?» Nikasema ni mimi. Hakuuliza tena. Akampokea mtoto.

Kwa haki peke yake sikuwa na deni. Sikuuza, sikula feza. Lakini Antipater alisema juu ya njia na aliyepotea, wala hakusema kwamba njia iwe yako.

Tangu hapo nimeshika desturi. Mtu akija kutazama nyumba katika njia yetu, nangoja muuzaji aondoke, halafu natoka, namwonyesha alama ya maji kwenye ukuta wangu mwenyewe, ambao sijaupaka. Mwaka jana nilifanya hivyo kwa mtu aliyekuja kwa nyumba ya pili kutoka kwangu. Akashukuru, hakurudi. Sikujua kwamba mwenye nyumba aliuza ili mke wake apasuliwe hospitalini. Feza zilipatikana baadaye, kwa deni. Nyumba ingali haijauzwa. Mzee yule hanisalimu, na mke wangu asema kwamba ningekwenda kwanza kuzungumza naye, kabla ya kuzungumza na mgeni.