Je, Kinyaa ni Hoja?

Mwaka jana nilipika nyama ya sungura, nikamkaribisha mwenzangu wa chumba. Nilijua kwamba yeye ni Msabato, na kwamba Wasabato hufuata Mambo ya Walawi, sura ya 11, inayomhesabu sungura miongoni mwa wanyama najisi. Aliponiuliza ni nyama gani, nilimjibu, "Kuku." Alikula, akausifu mchuzi. Alipomaliza nikamwambia ukweli huku nikicheka. Hakunigombeza. Alinawa mikono, akatoka nje, na tangu siku hiyo hajala chakula nilichokipika.

Wakati ule nilijiona mshindi wa mjadala. Kama ulimi umesifu, niliwaza, basi kinyaa hakina msingi. Nilikuwa na hoja nyingine pia. Waislamu wa Sunni huruhusiwa kumla sungura, Washia hukatazwa, na wote humwabudu Mungu mmoja. Sura ileile inayomkataza sungura inaruhusu nzige. Tena sungura hula majani, huzaa haraka, na hufugika katika banda dogo nyuma ya nyumba. Kwa familia isiyo na malisho ya ng'ombe, hiyo ni nyama ya watoto. Hoja hizi bado naziamini. Kinyaa peke yake hakithibitishi kwamba nyama fulani ni mbaya.

Kosa langu nililiona Novemba, msimu wa senene. Usiku, Kampala na Masaka, watu huwasha taa kali juu ya mabati yaliyosimamishwa. Senene huifuata nuru, hugonga mabati na kuteleza hadi ndani ya mapipa. Karibu kila mtu hula. Mimi sili. Baba yangu ni wa ukoo wa Nsenene, na kwa desturi Mganda hali muziro wa ukoo wake. Mwenzangu alinunua kikombe kimoja, akaenda kulia nje. Hakunidhihaki. Niliona haya. Lau angenisagia senene katika mchuzi wa karanga, kisha akaniambia huku akicheka, je, ningesema amenifundisha falsafa? La. Ningesema ameninyang'anya kitu kisichorudishwa.

Sisemi kwamba kila mwiko uheshimiwe. Zamani katika Buganda wanawake walikatazwa kuku, mayai na hata senene, ingawa wao ndio waliowakusanya na kuwapika ili waume wale. Mwiko wa namna hiyo naukataa, kwa sababu anayeuweka hunufaika na anayeubeba hushinda njaa. Mwiko wa mwenzangu si hivyo: ameubeba yeye mwenyewe, wala hakunizuia kula.

Huenda mtu akaniuliza: na mwiko wako wa ukoo, si umeurithi tu? Ni kweli, nimeurithi. Lakini naweza kuuacha leo, na hakuna atakayenipiga. Kila msimu nauchagua upya. Nilichomnyima mwenzangu ni uchaguzi huohuo. Kama hoja zangu zilikuwa na nguvu, ningemwekea sahani mezani, nikamtajia jina la nyama, nikamwachia aamue. Nilipochagua uongo, nilikiri kwamba sikuziamini vya kutosha.

Nimemwomba radhi, naye amenisamehe. Hata hivyo, bado hujipikia mwenyewe, nami sina haki ya kumlaumu.