Thamani ya Kiumbe Kisichoonekana

Swali la iwapo kiumbe kina thamani kwa nafsi yake, au kwa sababu tu ya kumfaa binadamu, hupata uzito mpya linapoelekezwa kwa sisimizi. Nchini Kenya, sisimizi aitwaye Tetraponera penzigi huishi ndani ya vinundu vya miiba ya migunga, ambamo hukuza kuvu, yaani viumbe wa jamii ya uyoga na ukungu, huku akiandamana na bakteria, viumbe wa seli moja wasioonekana kwa macho matupu. Mwaka 2017 watafiti walitangaza kwamba bakteria mmoja wa sisimizi huyo, Streptomyces formicae, hutengeneza kemikali zinazoua vijidudu vilivyozoea dawa. Nao sisimizi wakata majani wa bara la Amerika hubeba miilini bakteria wanaokinga bustani zao za kuvu dhidi ya vimelea.

Biblia, katika Mithali, humtuma mvivu kwa sisimizi akajifunze, ilhali Kurani, ambayo sura yake ya 27 ni An-Naml, yaani sisimizi, hufundisha kwamba wanyama ni umma kama wanadamu. Fundisho la pili lina kina zaidi, kwa kuwa ushirika wa sisimizi na bakteria ulikuwapo kabla ya binadamu kuugundua, na manufaa yaliyojulikana juzi hayawezi kuwa chanzo cha thamani ya kale. Kwa hiyo hata huko Marereni, katika pwani ya Kenya, ambako bakteria huozesha majani ya mikoko yakarutubisha maji, wajibu wa kuitunza mikoko hautegemei faida iliyokwisha kuhesabiwa.