Si Kila Anayeegemea ni Kupe

Huku Masukulu, Rungwe, penye mvua nyingi, miti hubeba mimea mingine, na ni rahisi kuiita yote kupe. Nami huikumbuka Rhipsalis baccifera ya misitu ya Usambara, jamii pekee ya dungusi kakati inayoota kiasili Afrika. Nyingine zote asili yake ni Amerika. Huning'inia matawini bila kuunyonya mti. Hunywa mvua, na chakula hukipata katika majani yaliyooza kwenye magome.

Sasa yule kijana wa ndugu yako anayelala sebuleni kwako mjini, akijilisha kwa kubeba mizigo sokoni, kwa haki ipi unamwita kupe mbele ya wageni? Uzito anao, sikatai. Hata tawi huinama. Lakini amekunyonya nini?