Kweli Inayopotosha

Je, mtu anaweza kudanganya bila kutamka neno hata moja la uongo? Swali hili nimelikuta mahali ambapo sisi wapenzi wa riwaya hatupiti sana: kwenye maelezo wanayoandikiana watengeneza programu.

Node.js, mazingira ya kuendeshea programu za JavaScript kwenye seva, ina amri inayoitwa server.close(). Ukisoma jina unafikiri seva inafungwa, basi. Kumbe maelezo yake yanasema inaacha kupokea miunganisho mipya, iliyopo inabaki. Ni kama mangi anayefunga mlango wa mbele huku waliomo ndani wakiendelea kuhudumiwa. Sawa, huo ni ustaarabu. Ila kwa miaka mingi hata aliyesimama tu dukani, hanunui kitu, aliweza kuchelewesha kufunga. Naye alihesabiwa kwenye hiyo "iliyopo", lakini nani angemfikiria?

Wapo watakaosema kosa ni la msomaji, angesoma vizuri. Mimi sikubali. Kwenye uandishi wa habari hila hii tunaijua: kichwa cha habari kinapiga kelele, ukweli unawekwa aya ya saba. Kila sentensi ni sahihi, na bado msomaji anaondoka na jambo lisilo kweli.

Tena anayeumia si msomaji peke yake. Tuseme fundi amechoka kusubiri seva ifungwe, akaizima kwa nguvu. Aliyekuwa katikati ya kulipia tiketi anakatwa. Huyo hakuwahi hata kupewa hayo maelezo. Utamlaumu vipi kwa kutosoma?

Ndiyo maana nawasifu watunzaji wa Node.js. Mwaka 2022, toleo la 18.2 lilileta amri mbili zenye majina yanayojieleza, closeIdleConnections na closeAllConnections. Mwaka huohuo toleo la 19 likaifanya server.close() ya HTTP yenyewe iondoe miunganisho isiyo na kazi. Hawakuishia kuongeza onyo kwa herufi ndogo. Walilisogeza tendo karibu na jina lake.

Ahadi ni deni, na jina ni ahadi. Anayeandika, iwe riwaya, habari au maelezo ya programu, hadaiwi maneno yake tu. Anadaiwa pia kile alichojua kwamba msomaji atakielewa.