Ndugu Yenu Si Mvivu

Wajukuu wangu, jana niliwasikia mkinong'ona juu ya ndugu yenu nyuma ya ghala: "Sauti zimekwisha, sasa huyu anategea tu." Sogeeni motoni, baridi ya Keringet haina huruma, niwaambie yaliyompata mdogo wangu.

Alikuwa na miaka 20 alipoanza kusikia sauti. Alikimbilia msitu wa Mau usiku, akisema anawindwa. Tulipompeleka hospitali, sindano ya kila mwezi ilizinyamazisha zile sauti, tukasema amepona. Lakini yule aliyetuchekesha msimu wa kuchimba viazi hakurudi. Ukimpa chai, alishika kikombe mpaka utando wa maziwa ukaganda juu, hajanywa. Ukimwuliza, neno moja. Siku moja nilimnyima chakula ili aamke afanye kazi. Najuta mpaka leo.

Ugonjwa huo, skizofrenia, huleta kisichokuwapo: sauti na shuku. Pia huondoa kilichokuwapo: hamu, maneno, furaha, hata nia ya kuoga. Huku kuondoa hakupigi kelele, ndiyo maana tunakuita uvivu. Wala si laana ya ukoo wetu. Shirika la Afya Duniani limekadiria kuwa takriban mtu 1 kati ya 300 duniani anaugua ugonjwa huu.

Dawa zinazozima sauti haziigusi sana hali hii ya pili, ya kuondoa. Msimwongezee ndugu yenu vidonge kwa kujiamulia, wala msimkatizie dawa. Dawa ikizidi humkakamaza mtu, ikamlaza mchana kutwa. Na huzuni nayo huweza kujificha humo humo. Arudi kliniki, na mmoja wenu aingie naye kwa daktari akaeleze, maana yeye hatasema.

Mdogo wangu alirudi kidogo kidogo kwenye lundo la viazi vya shangi. Nilimketisha kando yangu tukatenga mbegu: vya ukubwa wa yai la kuku huku, vikubwa vya sokoni kule. Siku ya kwanza alitenga vitano, akaacha. Nikamshukuru kwa hivyo vitano. Msimu mzima ulipita kabla hajajaza debe. Ndipo asubuhi moja akaokota kiazi, akakigeuza, akaniambia bila kuulizwa: "Hiki kimeoza." Nililia palepale. Hakuwa tena yule wa zamani, lakini alikuwa nasi.

Kesho tunachimba shamba la chini. Msimwache ndugu yenu nyumbani. Mwiteni kwa jina, mpeni ndoo ndogo, mwende mwendo wake, na akichoka akae papo hapo penye watu.