Khabari Isiyohakikishwa na Ugonjwa wa Kupooza



Katika Suratul Hujurat tumeamrishwa kuihakikisha khabari kabla ya kuifuata, tusije tukawadhuru watu kwa ujinga kisha tukajuta. Aya hii twaisoma sana katika fitina za ndoa na za siasa. Katika mambo ya afya ni nadra kukumbushana.

Mwaka 2003, katika nchi ya Nigeria, baadhi ya wakubwa wa majimbo ya kaskazini, na baadhi ya maulamaa pamoja nao, waliwakataza wazazi kuwapa watoto matone ya kuzuia polio, yaani ugonjwa wa kupooza. Ilisemwa ati yametiwa dawa ya kukata uzazi. Jimbo la Kano likayasimamisha kwa muda wa karibu mwaka mzima.

Hatusemi kwamba watu wa Kano walikuwa wapumbavu. Mwaka 1996, katika maradhi ya homa ya uti wa mgongo, kampuni kubwa ya Marekani iliwajaribia watoto wa mji huo dawa mpya, na wazazi wakalalamika kwamba hawakuelezwa. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Basi kuuliza ilikuwa haki yao. Lisilokuwa haki ni kuwaacha watoto bila kinga wakati maulizo yakiendelea, na kuifanya khabari ya barazani kuwa kama ushahidi uliokwisha kupita kwa kadhi.

Kwani maradhi haya hayangoji. Kijidudu chake hutoka katika choo cha mtoto, kikaingia majini na mikononi. Na katika watoto 200 walioambukizwa ni kama mmoja tu apoozaye. Waliobaki hucheza wazima, nao huku wanawaambukiza wenzao. Baba aliyekataa hujiona amesalimika, wala hajui ni mtoto wa nani aliyelemaa kwa ajili yake.

Kijidudu chenye asili ya Nigeria kilipita Sudan, kikafika Saudia na Yemen. Kano ilikubali tena matone mwaka 2004, ilipoletewa yaliyotengenezwa Indonesia, kwa kuwa ni nchi ya Waislamu wengi. Kumbe mwaka 2005 kijidudu kile kile kiliingia Indonesia, iliyokuwa imestarehe miaka 10 bila polio, kikapooza watoto zaidi ya 300. Hayo ndiyo malipo waliyopata walioleta dawa! Mwaka 2006 kikatoka Somalia kikaingia Garissa, katika Kenya yetu, baada ya miaka zaidi ya 20 ya salama.

Wako wasemao kwamba yote ni kadari. Sayyidna Umar alipopata khabari ya tauni ya Sham aliwarejesha watu njiani, wala imani yake haikupungua. Mwenye shaka na amwendee tabibu Mwislamu amwaminiye, amwulize siku hiyo hiyo.

Mwaka 2020 Afrika ilithibitishwa kuwa imesalimika na polio ya asili. Watoto waliopooza miaka ile ya Kano sasa ni watu wazima, na miguu yao haikurudi.